Wakili Asiyejua Kiswahili

Malak alinipigia simu asubuhi, nikiwa napiga pasi kanzu ya mume wangu. Nilipopokea nilisikia pumzi yake tu, na nyuma yake magurudumu ya kitanda kinachosukumwa ukumbini mwa hospitali. Mama Mkubwa Masouda alikuwa akituambia kwamba khabari ya msiba huijua kabla haijasemwa, kwa jinsi anayepiga anavyovuta pumzi. Nikazima pasi, nikasema, "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun." Ndipo Malak akalia.

"Nilikwenda kumchukulia maji tu, Dada Bakhita. Nimerudi nimemkuta kalala kama alivyolala. Nikamwita."

"Mungu amrehemu. Usijilaumu, aliyemuumba ndiye aliyemwita. Mjomba Zahor umempigia?"

"Bado. Nnaogopa. Nikimpigia nimwambie nini mimi?"

Nikamwambia nitampigia mimi. Lakini nami niliiweka simu mkononi kwa muda kabla ya kuipiga, kwa sababu nilijua anachokiogopa. Mama Mkubwa alikuwa amemwomba ndugu yake jambo moja, na ndugu yake hakuwa amemjibu. Sasa mwenye kuomba amekwenda, na Malak hakujua kama usiku huo atalala kwao au atatafuta pa kwenda.

Masouda binti Thani alikuwa dada mkubwa wa mama yangu. Alizaliwa Unguja, akaja Maskati bado msichana, pamoja na mama yangu na mdogo wao Zahor, ambaye walimbeba kwa zamu. Kwa kuwa alikuwa na Kiswahili, Kiingereza alichosomea na Kiarabu alichokuwa anakiokota siku hizo, alipata kazi ya opereta wa simu katika wizara moja. Hapo alikaa mpaka akastaafu. Watu wengi waliofanya kazi serikalini wakati huo waliijua sauti yake na hawakupata kumwona uso. Naye aliwajua kwa sauti. Akikusikia ukisema "alo" tu, alikwambia kama umelala vibaya, kama umegombana na mkeo, au kama una jambo unalificha. Mara nyingi alikuwa sawa. Mara moja moja alikosea, na akikosea hakukubali.

Aliolewa, mumewe akafa, na hakujaaliwa mtoto. Nyumba yake ilikuwa Darsait, ile ya zamani yenye ghorofa moja juu na ngazi ya nje. Ghorofa ile aliijenga Mjomba Zahor mwenyewe alipokuwa kijana. Alibeba saruji begani baada ya kazi, akaoa akakaa humo, na wanawe wawili wa kwanza walizaliwa humo humo, kabla hajahamia Mawaleh. Nalisema hili mapema ili asije mtu akamdhania Mjomba ni mroho. Hakuwa.

Malak alikuja katika nyumba ile akiwa mchanga. Wazazi wake walikuwa majirani zetu, wakafa pamoja katika ajali ya gari njia ya Sur, na hapakuwa na jamaa aliyejitokeza. Mama Mkubwa akamchukua. Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa ananyonyesha wakati ule, akamnyonyesha Malak pamoja na mdogo wangu mpaka akashiba. Kwa hivyo kwa sheria ya dini Malak ni dada yangu wa ziwa, na Mjomba Zahor ni mjomba wake kama alivyo wangu. Hajifuniki mbele yake, hawezi kuolewa na wanangu. Sote tulikua tukijua hivyo. Na hapo ndipo tulipokosea, maana tulidhani kwamba ukishakuwa mtoto kwa maziwa, umekuwa mtoto kwa kila kitu.

Mama Mkubwa alianza kutafuta wakili alipoanza kuchoka. Kwetu kuandika wasia si jambo la kuogopa. Baba yake aliandika, bibi yake aliandika, na mtu akifika umri fulani bila wasia watu humwonea haya. Lakini yeye alitaka wakili khasa, kwa sababu ya nyumba. Alitaka Malak abaki nayo.

Kwanza alimchagua Khalil, kijana wa watu wetu, mama yake ni rafiki wa miaka mingi wa Mama Mkubwa. Hoja yake ilikuwa moja.

"Huyu nitazungumza naye Kiswahili, anielewe. Mambo ya kifo nisije nikayasema kwa Kiarabu changu cha simu."

Khalil, kwa adabu yake, alikataa bibi kama yule apande ngazi za ofisini kwake. Akasema atakuja yeye Darsait. Na kwa adabu hiyo hiyo hakutaka kuingia peke yake nyumbani kwa mwanamke mjane, basi akaja na mama yake. Mama yake naye hakuweza kuja mikono mitupu, akaja na halua na birika la kahawa. Nilikuwepo. Mama Mkubwa akaeleza habari ya nyumba yote mbele ya halua ile, na Khalil akaitikia kila neno.

"Hapana tabu, mama yangu. Tutakutengenezea. Unachotaka ndicho kitakachokuwa."

Mama yake Khalil akafuta macho kwa ncha ya buibui. "Masouda, wallahi una moyo. Kumpa mtoto wa watu nyumba nzima!"

Walipoondoka nilisema, "Mama Mkubwa, yule bibi kasikia yote."

"Basi alikuwa azibe masikio? Yule mwenzangu."

Wiki ile ile palikuwa na harusi Seeb. Ukumbi wa wanawake ukajua kabla wali haujapakuliwa, na ukumbi wa wanaume ukajua kabla wali haujaisha. Simlaumu sana mama yake Khalil. Alilisema kwa kulisifu. Lakini Mjomba Zahor, ndugu pekee aliyebaki, mrithi pekee, alilisikia kutoka kwa mtu aliyemshika bega na kumwambia, "Hongera, dada yako mtu wa kheri."

Siku ya pili alikuja Darsait. Hakukaa.

"Dada, mimi nnakuja kuisikia khabari ya nyumba yako harusini? Kwa watu wanakula?"

"Umeambiwa vibaya."

"Nimeambiwa nini vibaya? Sema wewe basi."

Mama Mkubwa alikuwa mkubwa kwake, alimlea, na hakuwa na mazoea ya kuulizwa naye.

"Ile ghorofa nimeijenga kwa mikono hii," Mjomba akasema. "Sikutaka kitu. Lakini ungeniita, Dada. Ungeniita tu." Na akiwa mlangoni akasema lile ambalo Malak alilisikia kutoka jikoni: "Siku ukifa, mimi sitajua la kumwambia huyu mtoto. Usinifanye mimi ndiye niliyemtoa."

Tangu siku hiyo hakuja tena siku za Ijumaa kama alivyozoea.

Mama Mkubwa alikasirika kwa muda, halafu akaanza kutafuta wakili upya, na mara hii kwa njia yake. Alikaa na simu pembeni ya dirisha akapiga ofisi za mawakili moja baada ya nyingine. Hakuuliza gharama. Alikuwa na swali moja, na akawa anasikiliza.

"Nna mtoto nimemlea, wa ziwa la dada yangu. Nikifa, atarithi?"

Mmoja alimwambia ndiyo, hapana shaka. Akakata simu. Mwengine alimweka asubiri huku muziki unapigwa. Akakata. "Mtu anasema mauti, wewe unampigia kinanda," aliniambia. Mwengine alimwita "hajja" mara nyingi mno. "Huyu anauza." Mmoja alikuwa na sauti nzuri, ya kutulia, nikadhani ndiye. Mama Mkubwa akatikisa kichwa. "Anasoma kitu kingine huku ananijibu. Nimesikia karatasi."

Halafu akapiga ofisi moja ya Wattaya, na aliyepokea alikuwa wakili mwenyewe, mwanamke, jina lake Nouf. Akasikiliza swali mpaka mwisho. Akasema kwa Kiarabu cha watu wa ndani, cha Nizwa huko:

"Mama, maziwa yanazuia ndoa, hayarithishi. Hatarithi. Lakini njia zipo. Ipi inakufaa sijui bado, mpaka nijue mali yako na jamaa zako. Nipe nafasi nitazame, nitakupigia."

Mama Mkubwa aliweka simu chini. Nadhani lile neno "hatarithi" lilimchoma, lakini alikuwa ameshaamua. Jioni, baada ya Laasiri, Nouf akapiga mwenyewe.

"Huyu," Mama Mkubwa akasema.

"Lakini Mama Mkubwa, hajui hata neno moja la Kiswahili."

"Ndiyo maana nnamtaka. Na mama yake hamjui mtu wetu yeyote."

Nikampeleka Wattaya. Ofisi ilikuwa juu ya duka la magari, na mpaka leo nikikumbuka siku ile nayakumbuka magari mapya yanang'aa chini yetu na Mama Mkubwa anapumzika kila baada ya ngazi chache. Nouf alitoka nje kumpokea, akamshika mkono, lakini hakumwambia kwamba asingepaswa kupanda. Ndani hakukuwa na halua. Aliniomba nisubiri nje. Mama Mkubwa akasema nibaki, Kiarabu kikimwishia nimsaidie. Nouf akamwuliza mara mbili kama ni kwa ridhaa yake, halafu akakubali.

Akamweleza taratibu. Wasia hauvuki theluthi ya mali. Kilichobaki ni cha mrithi, na mrithi ni Zahor. Kama anataka kumpa Malak nyumba yote, basi ampe sasa, angali mzima, iandikwe kwa jina lake.

"Ukimpa, umempa," Nouf akasema. "Kuanzia siku hiyo wewe ni mgeni wake."

"Mgeni wa Malak si kitu. Nimemwogesha mwenyewe."

"Vizuri. Nina swali moja, na unisamehe. Unataka kumpa Malak, au unataka kumnyima ndugu yako?"

Mama Mkubwa akanigeukia, akaniambia kwa Kiswahili, "Huyu mtoto hana adabu." Nouf alisubiri. Hakuniuliza amesema nini. Mama Mkubwa akafungua mkoba akatoa kitambaa akajifuta, akajibu kwa Kiarabu.

"Kabla ya harusi, nilitaka kumpa Malak. Baada ya harusi, sijui."

"Basi tuandike kile ulichokitaka kabla ya harusi. Kilikuwa nini khasa?"

"Alale kwake. Asiwe anahesabiwa mgeni."

Ikawa hivyo. Zaidi ya nyumba, Mama Mkubwa alikuwa na kiwanja Barka, na ghorofa ya juu peke yake, na ngazi yake ya nje na mlango wake, haikuvuka theluthi ya vyote. Hiyo ikawa ya Malak kwa wasia. Nyumba ya chini na kiwanja ni vya Zahor kwa urithi. Jamaa wasiorithi nao wakawekewa fungu lao dogo, kama dini yetu inavyotaka, na mimi nimo. Kisha Nouf akauliza nani atakuwa wasii, yaani atakayesimamia wasia na kumfikishia kila mtu haki yake.

"Bakhita huyu," Mama Mkubwa akasema.

"Unaweza. Lakini fikiri. Ukimwandika Bakhita, umemweka katikati ya Malak na mjomba wake. Je, ndugu yako ni mwaminifu?"

"Zahor? Zahor haokoti hata tende iliyoanguka kwa jirani."

"Basi mwandike yeye. Ila hii siyo kazi ya kumwekea mtu akaikute baada ya kifo chako. Anaweza kuikataa. Mwombe mwenyewe, uso kwa uso, na mwambie kila kitu, kabla sijapeleka karatasi kuthibitishwa."

Njia nzima ya kurudi Mama Mkubwa alinung'unika. "Mimi nimwombe Zahor? Niliyemfundisha kuvaa viatu?" Tulipofika daraja la Ruwi akasema, "Nipe simu." Na nikamsikia akisema kwa ile sauti yake ya kazini, ya kupanga maneno: "Zahor, mimi dada yako. Nnakuhitaji. Njoo, tafadhali." Sikuwahi kumsikia akimwambia ndugu yake tafadhali.

Mjomba alikuja. Safari hii alikaa. Mama Mkubwa akamweleza yote, moja moja, Malak akiwepo, mimi nikiwepo. Akamwambia ghorofa ya juu atampa Malak. Akamwambia alikosea kutomwita, na kwamba halua ya mama yake Khalil imemtokea puani. Mjomba hakucheka. Kisha dada yake akamwomba awe wasii wake.

Mjomba alikizungusha kikombe cha kahawa mkononi.

"Ghorofa ile ile?"

"Ile ile. Ndiyo yenye mlango wake."

"Wanangu wamezaliwa mule, Dada."

"Najua. Nilikuwepo. Nani aliyewapokea?"

Akakitikisa kikombe, maana yake kahawa imemtosha, akainuka. "Nitafikiri," akasema. Akambusu dada yake kichwani, akaondoka. Malak hakumtazama, naye hakumtazama Malak.

Wasia ulithibitishwa na jina la Mjomba limo, kwani Mama Mkubwa alikataa kuweka jingine. Nouf alimwonya. Akajibu, "Nimemsikia aliposema nitafikiri. Naijua ile." Nami niliwaza kwamba katika sauti alizowahi kukosea, hii inaweza kuwa mojawapo. Baada ya hapo moyo wake ulianza kumsumbua, akawa anaingia na kutoka hospitali. Mjomba alikuja kumwona kila mara. Alikaa naye, akamsomea Yasini, akamletea machungwa. La wasia hakulitaja, wala Mama Mkubwa hakumkumbusha. Alisema kumkumbusha ni kumsukuma.

Ndipo ikaja asubuhi ile. Nilipompigia Mjomba alipokea mara moja, akanisikia nikivuta pumzi.

"Lini?" akauliza.

"Sasa hivi."

"La haula wala kuwwata illa billah. Nani yuko naye?"

"Malak."

"Mwambie asiondoke hapo. Nnakuja."

Tulimrudisha Darsait kabla ya Adhuhuri. Wanaume walikaa uani chini ya turubai, wanawake ndani. Tulimwosha mimi na Malak pamoja na mwoshaji. Nilimwagia maji, Malak akampitisha mkono kwenye nywele, mwoshaji akituongoza, kulia kwanza, kisha kushoto. Alikuwa mwepesi. Tukampaka karafuu maiti mahali pa kusujudia, paji la uso, viganja, magoti. Tukamvika sanda. Malak hakulia wakati wa kuosha. Mikono yake ilikuwa imara kuliko yangu. Alipomaliza akaniuliza kwa sauti ndogo, "Nkusanye nguo zangu?"

"Ngoja," nikamwambia. 

Mjomba aliingia kumwangalia. Alisimama kichwani kwake, akambusu kwenye paji la uso, akamwombea dua ndefu bila kutoa sauti. Alipoinuka macho yake yalikuwa mekundu. Akamwona Malak amesimama ukutani.

"Malak."

"Labeka, Mjomba."

"Mlango wako wa juu umeuacha wazi. Watu wengi leo. Kaufunge, halafu urudi umuage mama yako."

Malak akabaki amesimama kama hakusikia. Nikamgusa mkono. Akatoka, tukamsikia akipanda ngazi ya nje, mlango ukafungwa, ufunguo ukazunguka. Aliporudi uso wake ulikuwa umelowa, na ufunguo alikuwa ameukunja ndani ya kiganja. Akapiga magoti, akambusu Mama Mkubwa, akamwambia, "Kwa heri, Mama. Nnakuombea."

Wanaume wakaja na jeneza. Wakamweka, wakalifunika kwa kitambaa cha kijani. Sisi wanawake tulisimama ndani ya mlango. Kabla hawajalinyanyua, Mjomba Zahor akasimama mbele ya watu na kusema kwa Kiarabu, kisha akarudia kwa Kiswahili ili wazee wote wasikie:

"Jamaa, dada yangu Masouda binti Thani amekwenda kwa Mola wake. Mwenye haki yake kwake, asimfuate yeye. Anifuate mimi. Mimi ndiye wasii wake. Na aliyemkosea au aliyekosewa naye, tusameheane."

Watu wakaitikia kwamba wamemsamehe. Mjomba akashika mbele, upande wa kulia, mwanawe mkubwa upande wa kushoto. Wakalinyanyua, wakatoka nalo wakisema La ilaha illa Allah, njia nyembamba ile ya Darsait ikajaa kanzu nyeupe. Walimsalia baada ya Adhuhuri na wakamzika. Mume wangu aliniambia kwamba Mjomba aliingia kaburini mwenyewe kumpokea, na kwamba hakutaka kusaidiwa kutoka mpaka ubao wa mwisho ukawekwa.

Mimi na Malak tulisimama mlangoni mpaka gari la mwisho likakata kona. Kisha tukaingia ndani, tukatandika mikeka, tukafungua misahafu.